Wajina wa Shangazi Amepoteza Sifa

Ukitaka kumwona mtu mzima akisaga meno mchana kweupe, mwulize Bi Hewa kama kesho mvua itanyesha. Si kwamba hajui. Anajua, ila atakachosema yeye na utakachosikia wewe ni vitu viwili. Akisema huenda ikanyesha, utasikia itanyesha, utaacha kufua, jua litawaka, na jioni utamfuata dirishani kumsimanga. Akisema haitanyesha sana, utasikia haitanyesha, utaanika godoro, litalowa, na utamfuata dirishani vilevile. Miaka yote aliyofanya kazi katika ofisi ya hali ya hewa hajapata shukrani ya mtu hata mmoja kwa siku aliyosema jua litawaka na likawaka. Watu huona hiyo ni kazi ya Mungu.

Jina la Bi Hewa alipewa na majirani, na nusu yake ni dhihaka. Mfanyakazi hewa, kama mnavyojua, ni yule ambaye jina lake lipo kwenye mishahara na mwenyewe hayupo. "Huyu wetu yupo," alipenda kusema muuza duka wa pembeni, "ila kazi yake ndiyo hewa." Watu wakacheka, jina likaganda, na siku hizi hata barua za nyumbani humfikia kwa jina hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ghorofa ya juu walikaa wataalamu, watu wa picha za setilaiti na namba: kasi ya upepo, joto la maji, kimo cha mawimbi. Ghorofa ya chini, katika chumba chenye kiyoyozi kilichodondoshea maji yake ndani ya ndoo, alikaa Bi Hewa, na kazi yake ilikuwa kuzigeuza namba hizo ziwe Kiswahili ambacho muuza mboga atakielewa bila kuweka kapu chini. Akishaandika, Mkuu wa Zamu hupitia, kisha taarifa hupelekwa redioni. Na huko redioni ndiko yalikokuwa maradhi yake. Kulikuwa na mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, watu walimwita Sauti ya Asali, ambaye hakuwahi kusoma taarifa kama ilivyoandikwa. Kila kitu alikitia viungo. Bi Hewa akiandika "mawingu kiasi," Sauti ya Asali husema mbingu imenuna kama mama mkwe.

Basi mwaka huo kikaja kimbunga. Vimbunga, kwa wasiojua, huwekewa majina kabla ya kuzaliwa. Majina hupangwa mapema, la mwanamke, la mwanamume, la mwanamke tena, na kila kinachozaliwa hupokea linalofuata. Hiki zamu yake ikaangukia jina la mwanamke, na jina hilo lilikuwa lilelile la shangazi yake Bi Hewa, herufi kwa herufi. Ni nani aliyelipendekeza jina hilo miaka ile ofisi ilipoombwa majina, Bi Hewa hajapata kusema, nasi hatutamlazimisha.

Shangazi huyu ndiye aliyemlea Bi Hewa na mdogo wake wa kiume tangu wazazi wao walipofariki, na wote watatu bado walikuwa wa nyumba moja: vyumba vitatu, ukumbi, na redio juu ya kabati. Jina lake halikutajwa ovyo na watoto aliowalea. Kwa hiyo, nyumbani kile kimbunga kiliitwa Wajina. Mwanzoni Shangazi alikasirika. Baadaye, Wajina alipopata nguvu na wataalamu wakaanza kumwogopa, akaanza kutembea kidevu juu. "Wajina wangu amefika wapi leo?" angeuliza, kama anayeuliza habari za ndugu aliye safarini. Ukimwambia amezidi kukua, siku hiyo atakula vizuri.

Bi Hewa yeye hakuwa na hamu ya kula. Mdogo wake alikuwa mpishi wa meli, meli ndogo ya mizigo, kuukuu, iliyovuka bahari kuu kwenda na kurudi. Siku hizo ilikuwa imefungwa gatini ikisubiri Wajina apite, na Mpishi alibaki humohumo melini kwa sababu mabaharia wanakula hata kama meli haiendi. Kila asubuhi Bi Hewa alipofika kazini, kabla ya kuvua mtandio, aliangalia kwanza mahali kimbunga kilipo, kisha akakumbuka mahali meli ilipo, ndipo akamwaga ndoo ya kiyoyozi.

Wajina hakupiga nchi kavu. Alikaribia, akatikisa mabati kidogo, kisha akageuka akashika njia ya bahari kuu, kule ambako maji ni ya baridi. Na kimbunga, ukikielewa, ni mlaji wa joto. Kinakula joto la bahari, na likiisha joto, moto wa tumboni mwake unazimika. Lakini hakifi hapohapo. Kinabadili chakula. Kinaanza kuishi kwa ugomvi wa hewa ya baridi na hewa ya moto, kinapoteza umbo lake la mviringo, kinatanuka, kinakimbia haraka zaidi. Upepo wa katikati unapungua, ila ule uliobaki unatanda eneo mara mbili tatu ya lile la kwanza, na chini yake mawimbi yanapanda bila mtu wa kuyaona. Haya Bi Hewa aliyajua vizuri. Mwishoni mwa zamu ya alfajiri, namba zilipoteremka kutoka juu, akaandika: Kimbunga kimedhoofika lakini hakijaisha. Kimeingia maji ya baridi na kinabadilika. Upepo sasa umetanda eneo kubwa zaidi, na mawimbi makubwa yataendelea bahari kuu kwa siku kadhaa. Vyombo visitoke.

Mkuu wa Zamu akaisoma akiwa amesimama. Alikuwa mtu mpole, shati limenyooka, na upole wake huo ndio uliomchosha Bi Hewa kuliko ukali wa mtu mwingine yeyote, maana huwezi kugombana na mto wa kulalia.

"Hiki Kiswahili cha sokoni," alisema.

"Redio inasikilizwa sokoni, Mkuu."

"'Hakijaisha.' Hakijaisha ni nini? Tuna neno letu." Akakata mistari yote kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake: Kimbunga kimepoteza sifa za kimbunga cha kitropiki. Hii ni taarifa ya mwisho.

"Na mawimbi?"

"Mawimbi ni ya Meza ya Bahari. Sisi ni Meza ya Vimbunga. Kitu kisicho kimbunga hatukitolei taarifa."

"Watu watasikia kimekwisha."

"Nionyeshe hapo niliposema kimekwisha."

Bi Hewa akaangalia. Kweli, hakusema. Neno kwa neno, hakuna pa kumshika. "Taarifa ya mwisho" maana yake ni kwamba meza ile inafunga kitabu na meza nyingine itaendelea, na "kupoteza sifa" maana yake ni kwamba kimbunga hakina tena zile alama wanazozihesabu wataalamu. Ghorofa ya juu yote ingeelewa. Angeweza kuendelea kubishana. Lakini alikuwa ameamka kabla ya jogoo, mguu ulikuwa unamuuma, ndoo imejaa, na kubishana na Mkuu wa Zamu ni kumpigia mbuzi gitaa. Akachapa alichoandikiwa, akabonyeza, ikaenda. Mkono uliobonyeza ulikuwa wake.

Alipofika nyumbani, Shangazi alikuwa ukumbini akichambua mchele, redio imefunguliwa. Bi Hewa hakuwa hata amevua viatu Sauti ya Asali alipoanza.

"Wapenzi wasikilizaji," alisema kwa ile sauti yake ya misibani, "kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha kimbunga chetu." Akakitaja kwa jina. "Kifo hicho kimetokea bahari kuu baada ya kuugua kwa muda mfupi. Marehemu, kwa mujibu wa taarifa ya mwisho ya hali ya hewa, amepoteza sifa zote. Mazishi hayatakuwepo, kwani mwili haujapatikana." Kisha akapiga muziki wa kucheza.

Shangazi akaweka ungo chini. "Nani kafa?"

"Si wewe, Shangazi. Wajina. Wala hajafa."

"Jina limetajwa. Mji mzima umesikia nimekufa, tena sina sifa."

Bi Hewa alitaka kumweleza, lakini simu ya Shangazi ikalia. Alikuwa shoga yake wa zamani, wa ng'ambo ya soko, aliyesikia nusu ya tangazo na kupiga kutoa pole. Shangazi akapokea mwenyewe. Ikabidi amweleze shoga yake kwamba anayeongea ni maiti, na shoga naye hakuamini haraka. Mazungumzo hayo yalichukua muda, na Bi Hewa aliyasikiliza akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi, akiwaza kwamba kuna watu wenye kazi za kushona na kazi za kuuza vitunguu, na jioni wanalala.

Kabla ya adhuhuri ikalia simu yake mwenyewe. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, tunang'oa nanga kesho asubuhi."

"Kasema nani?"

"Mwenye meli. Kasikia redio, kaja na gari lake hadi gatini. Kamwambia Nahodha, kimbunga kimekufa, mnangoja nini, matanga?"

"Na Nahodha kakubali?"

"Kajikuna kichwa. Kasema redio ya meli inataja upepo huko mbele. Mwenye meli katoa simu, kamwonyesha taarifa yenyewe. Kimepoteza sifa. Taarifa ya mwisho. Kamwuliza, wewe na ofisi nzima nani anajua?" Akashusha sauti. "Dada, si wewe unayeziandika hizo?"

Bi Hewa akakaa kwenye mkono wa kochi. "Nisikilize. Ukiwa na sufuria ya mafuta yanachemka, ukaiepua, moto si umebaki jikoni?"

"Umebaki."

"Utatia mkono ndani?"

"Thubutu!"

"Basi Wajina kaepuliwa tu. Hajapoa. Na amemwagika, kaenea njia yote mnayopita."

"Sasa mbona hamkuandika hivyo?"

Bi Hewa aliona aibu, kisha akaona hasira kwa kuona aibu. "Shuka kwenye meli," akasema.

"Nikishuka nafukuzwa. Na wenzangu watasema dada yake kamwita akanywe maziwa."

Alasiri akarudi ofisini, mguu ukiuma vilevile. Akaenda moja kwa moja Meza ya Bahari, chumba cha upande wa pili wa korido, alikokaa mama mmoja mwenye sweta mwaka mzima. Mama Sweta akamsikiliza kwa makini. Alikubali kila kitu. Mawimbi ni makubwa, ndiyo. Upepo umetanda, ndiyo, ameuona. "Ila hatujakabidhiwa rasmi," akasema.

Bi Hewa akavuka korido. Mkuu wa Zamu akasema amekwisha kukabidhi tangu asubuhi, karatasi imo kwenye trei. Akavuka tena. Mama Sweta akasema trei ile ni ya kutoka, si ya kuingia, na karatasi iliyo kwenye trei ya kutoka haijaingia. Kimbunga chenye upana wa nchi nzima kilikuwa kimekwama koridoni kati ya meza mbili, na mtu pekee aliyekuwa akihangaika nacho alikuwa mwanamke wa kuandika taarifa, anayechechemea. Mwisho Bi Hewa aliichukua karatasi mwenyewe, akaibeba hatua chache zile, akaiweka mbele ya Mama Sweta kwa kishindo.

Mama Sweta akaandika, tena bila kinyongo: Bahari kuu, upepo mkali, mawimbi makubwa, vyombo vidogo vichukue tahadhari. Ikawekwa mahali pake pa siku zote, chini ya saa za maji kujaa na kupwa. Redioni hukaa baada ya mpira, na jioni hiyo mpira uliingia dakika za nyongeza. Haikusomwa.

Usiku, akiwa nyumbani, akampigia Sauti ya Asali mwenyewe. Akamwambia kwamba kimbunga hakijafa, kwamba kuna meli inataka kutoka, kwamba mdogo wake yumo.

"Dada yangu," Sauti ya Asali akamjibu kwa huruma ya kweli, "maiti haitangazwi mara mbili. Watu watanicheka. Niletee taarifa mpya ya kimbunga, nitaisoma hata mara tatu."

"Taarifa mpya ya kimbunga haipo, kwa sababu si kimbunga tena."

"Sasa kama si kimbunga, tunaogopa nini?"

Bi Hewa akakata simu. Akaenda kulala bila kula. Ukutani alimsikia Shangazi akiongea peke yake, akirudia maneno fulani kama mtoto anayekariri shairi, lakini hakuwa na nguvu ya kuuliza.

Asubuhi ndipo alipojua. Kipindi cha Sauti ya Asali huanza kwa salamu; watu hupiga simu kumsalimu mjomba na binamu na wote wanaowafahamu. Bi Hewa alikuwa na kikombe cha chai mkononi redio iliposema, "Tunaye mama mmoja kwenye simu. Mama, unamsalimu nani?" na sauti ya Shangazi ikatoka sehemu mbili kwa pamoja, juu ya kabati na nyuma ya mlango wa chumbani.

"Simsalimu mtu. Mimi ndiye mwenye jina."

"Jina gani, mama?"

"La huyo uliyemuua jana."

Sauti ya Asali akacheka hadi akakohoa. Bi Hewa akasimama, akaenda kugonga mlango wa chumba, ukawa umefungwa kwa ndani.

"Sikufa," Shangazi aliendelea. "Nimehama. Mwanamke akifunga virago akaondoka na hasira zake, nyinyi mkiona nyumba imenyamaza ndio mnasema kafa? Waulizeni wa huko anakokwenda."

"Na huko unakokwenda, mama, bado una hasira?"

"Ninazo zaidi, maana nimesemwa sina sifa. Na wewe mpishi wa meli, mwanangu, najua unanisikia. Shuka. Ukija huko nami nimo njiani na hasira zangu, usiseme hukuambiwa. Shuka na begi lako."

Studio nzima ilikuwa inacheka. Mji mzima ulikuwa unacheka. Na gatini, katika chumba cha kulia cha meli kuukuu, mabaharia waliokuwa wakinywa chai walipiga meza hadi vikombe vikaruka, kwa sababu kila mmoja alijua huyo mpishi aliyeitwa mwanangu ni nani. Mpishi alisimama na upawa mkononi. Baadaye alimweleza dada yake kwamba hakushuka kwa sababu ya mafuta wala sufuria, ingawa yale aliyaelewa. Alishuka kwa sababu kufukuzwa kazi ni jambo la siku moja, na kusimangwa na Shangazi ni hadi kiama. Akaning'iniza upawa, akachukua begi, akashuka, na kicheko kikamsindikiza hadi getini.

Bi Hewa alipokwenda kazini siku hiyo alikuwa na neno mdomoni. Nimehama. Miaka yote alikuwa akilitafuta, na bibi mmoja mwenye majivuno amelitoa bure, kwa sababu tu ametukanwa. Lilimkera na kumfurahisha kwa pamoja.

"'Kimehama,' Mkuu," akasema. "Kikiwa hivi tuwe tunaandika 'kimehama.' Kila mtu ataelewa."

Mkuu wa Zamu alifikiri kwa upole. "Kimbunga hakina virago," akasema, na akarudi kwenye kalamu yake. Kumbe naye alikuwa amesikiliza.

Meli iliondoka vilevile. Mwenye meli hakuhangaika hata kidogo, kwani gatini wapishi wasio na kazi hawakosekani. Akachukuliwa mmoja palepale, mtu wa makamo, mwenye mke na watoto, aliyekuwa amekuja kuuliza kibarua cha kupakia magunia. Alishukuru Mungu kwa bahati iliyomdondokea asubuhi asubuhi, akapanda. Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya beseni. Usiku huo Bi Hewa alilala usingizi mnono, wa kwanza tangu Wajina azaliwe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mpishi yule hakuwa wake.

Zikafuata siku za jua. Jua tupu, upepo wa kupepea nguo, maji ya bluu hadi mwisho wa macho. Muuza duka alimwuliza Mpishi kama huko kitandani mawimbi ni makubwa. Majirani walimwita Mkimbizi wa Kimbunga. Mwenye meli alituma ujumbe kwamba asirudi tena. Bi Hewa aliwaeleza watu kwamba mawimbi hayako pwani, yako huko mbali ambako hakuna wa kuyaona, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Hiyo ndiyo kazi yake. Jambo likitokea usipokuwepo, halikutokea.

Nyumbani nako hakukukalika. Mpishi wa meli asiye na meli ni balaa jikoni. Alipanga vyungu upya kwa ukubwa. Alifunga vijiko kwa kamba visije vikaanguka, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa matofali. Alionja mboga ya Shangazi mbele ya Shangazi, akaongeza chumvi.

"Nimekuokoa baharini," Shangazi akasema, "uje uniue jikoni?"

"Hukuniokoa. Hakuna kilichotokea. Nimepoteza kazi kwa ajili ya salamu za redio."

"Uko hai unabisha."

"Na wenzangu wako hai wanafanya kazi."

Bi Hewa alikuwa akiingia mlangoni, akageuka akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Alichoka hata kukasirika.

Meli ilirudi ikiwa imeinama upande mmoja. Ilikuta upepo mahali hasa ambapo namba zilisema, na mawimbi yakaichezea usiku na mchana, ikapoteza nusu ya shehena, vioo vya chumba cha nahodha vikavunjika, na mashua ya kuokolea ikang'olewa kama kifungo. Hakufa mtu. Mwenye meli alisema redioni kwamba ilikuwa dhoruba ya ghafla ambayo hakuna aliyeitarajia. Sauti ya Asali akampa pole. Aliyeumia sana ni mmoja, mpishi mpya. Meli ilipolala ubavu alishika kitu cha karibu asianguke, na kitu cha karibu kilikuwa jiko. Kisha sufuria ikamfuata.

Mpishi aliposikia, alichukua bakuli lenye mfuniko, akapika supu laini, akaenda hospitali, na akawa anakwenda kila siku. Shangazi alimwachia jiko lake bila kinyongo, na chumvi hakuitaja tena. Bi Hewa yeye alikuwa na sababu kila siku. Leo zamu, kesho mguu. Ikafika siku asiyokuwa na sababu, akamfuata mdogo wake.

Wodi ilikuwa ndefu, dirisha liko mwisho, na kitanda cha mpishi mpya kilikuwa karibu na dirisha. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe hadi viwiko, imelazwa juu ya shuka kama mizigo ya mtu mwingine. Mpishi akavuta stuli, akafunua bakuli, akaanza kumlisha kwa kijiko, polepole, akipuliza kwanza. Wapishi wawili. Walizungumza habari za jiko la meli ile, mlango wake unaogoma, mahali pa kuweka visu, kama watu waliowahi kupanga chumba kimoja.

"Huyu dada yangu," Mpishi akasema baadaye.

"Karibu, dada. Pole na safari." Alikuwa mtu wa adabu. "Unafanya kazi wapi?"

Bi Hewa angeweza kusema serikalini, na ingekuwa kweli, neno kwa neno. "Hali ya hewa," akasema. "Ndiye ninayeandika taarifa."

Yule mtu akamwangalia bila hasira, kama mtu aliyekuwa na swali la siku nyingi na hakujua ampelekee nani.

"Siku ile tulipoondoka," akasema, "Nahodha alikuwa akiisoma ile taarifa kila mara. Kimepoteza sifa. Nami nikawa najiuliza jikoni. Nikasema siku nikimpata mwenyewe nitamwuliza. Sifa gani?"

"Joto," Bi Hewa akasema. "Katikati yake palikuwa na joto. Lilitoka."

"Na upepo?"

"Upepo ulikuwepo."

"Na mawimbi?"

"Yalikuwepo. Yaliongezeka."

Mpishi alikuwa amesimamisha kijiko hewani.

"Sasa, dada," akasema yule mtu, "kilichopotea hasa ni nini?"

"Jina," Bi Hewa akasema. "Jina tu."

Yule mtu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyejibiwa. Kisha akafungua mdomo, na Mpishi akapuliza kijiko, akamlisha.